Redio Zilizofunzwa Kunong'ona

Kulikuwa na adabu yake. Simu mbili zililazwa mezani paji kwa paji, vile vidirisha vyeusi vikitazamana, na wenye simu wakakaa kimya kama watega ndege. Mtu akipitisha kikombe cha chai katikati, shughuli imeharibika, mnaanza upya. Hivyo ndivyo wimbo ulivyohama kutoka simu moja kwenda nyingine mwanzoni mwa miaka ya 2000, iwe Dar es Salaam au Mombasa. Kisha zikaingia simu kama Nokia 6600 ya mwaka 2003, iliyokuwa na infraredi na Bluetooth kwa pamoja, na vijana wakajifunza neno jipya: "nirushie." Hapakuwa tena na haja ya kulaza simu. Uliweza kurusha ukiwa kiti cha nyuma cha daladala, naye akapokea yuko mbele.

Nitauchukua wimbo ule uwe pishi yangu ya kupimia. Tuseme una megabaiti 3, yaani megabiti 24 za data. Infraredi ya kawaida ilibeba kilobiti 115.2 kwa sekunde. Ukigawanya unapata dakika tatu na nusu hivi, karibu muda uleule wa kuusikiliza wimbo wenyewe. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Mezani, kwa mkono unaotikisika na jua linaloingia dirishani, muda ulizidi.

Hiyo namba 115.2 haikutoka mbinguni. Ilikuwa kasi ya juu ya tundu la kuunganishia vifaa nyuma ya kompyuta za wakati ule. Kampuni ya Hewlett-Packard, iliyokwisha kuweka taa ndogo za infraredi kwenye kikokotoo chake cha HP 48SX mwaka 1990, ilikuwa miongoni mwa waliotaka kuung'oa waya na kuacha mengine yote yalivyo. Mwaka 1993 makampuni yakaunda chama, IrDA, na kukubaliana masharti: umbali wa mita 1, na miale inayotawanyika kama koni nyembamba, nyuzi 15 kila upande. Ni ndugu wa karibu wa rimoti ya televisheni, ila rimoti husema tu, haisikilizi. Nokia 6110 ilipotoka na mchezo wa nyoka, watu wawili waliweza kushindana kwa infraredi, mradi wakae wakitazamana. Baadaye infraredi iliongezwa kasi hadi megabiti 4 kwa sekunde, kisha 16. Kwa karatasi, hiyo ni kasi iliyoishinda Bluetooth ya kwanza kwa mbali. Lakini mwanga haupiti mfukoni, na simu huishi mfukoni. Kasi haikuiokoa.

Hapa inabidi nisimame kidogo kwenye lugha. Kiswahili kinasema "masafa" kwa maana ya umbali wa safari, na kinasema "masafa" kwa maana ya idadi ya mitetemo ya wimbi la redio kwa sekunde. Wageni wa fani huchanganyikiwa, nami nimewahi kusoma tangazo mara tatu kabla ya kujua ni masafa yapi yanayouzwa. Katika makala haya, umbali nitauita umbali. Hata hivyo mchanganyiko huo una ukweli ndani yake, kwa sababu mambo hayo mawili yamefungwa kamba moja: kwa antena za kawaida, kadiri mitetemo inavyozidi kuwa ya haraka, ndivyo wimbi linavyozidi kuchoka mapema na kushindwa na kuta.

Kamba nyingine, inayofunga kasi na umbali, ilielezwa mwaka 1948 na Claude Shannon wa maabara za Bell, Marekani. Alionyesha kuwa kiasi cha habari kinachoweza kupita kwa sekunde kinategemea vitu viwili: upana wa njia uliyopewa, na jinsi sauti yako inavyoizidi kelele iliyopo. Anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto hutamka silabi moja moja, akizivuta, na huenda akarudia. Anayenong'ona sikioni anaweza kumwaga maneno apendavyo. Umbali ukizidi mara mbili mahali pa wazi, nguvu inayofika hubaki robo. Basi unachagua: uongeze nguvu na uumalize umeme wa betri, utafute njia pana zaidi, au useme polepole. Tangu Marconi, mafundi wa redio walishindana kwenda mbali: kuvuka mlango wa bahari, kisha bahari yenyewe, kisha kufika mwezini. Hadithi yangu ni ya wale waliogeuka nyuma na kujiuliza jinsi ya kuifanya redio iwe dhaifu, ife mapema, isiondoke chumbani.

Walipata wapi njia ya kupitia? Kwenye takataka. Mkutano wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City mwaka 1947 ulikuwa umetenga vipande vya masafa kwa mashine zinazotumia mawimbi bila kusema lolote: za viwandani, maabara na hospitali. Kimojawapo kilikuwa karibu na gigahezi 2.4, ambapo oveni za maikrowevu hupashia chakula. (Wapo wanaodai kuwa masafa hayo ndiyo hasa "yanayotikisa maji." Sivyo. Maji hupata moto kwa masafa mengi. Hayo yalichaguliwa kwa sababu ndiyo yaliyokuwa wazi.) Hakuna mwenye akili aliyetaka kufanya mawasiliano pale. Ilikuwa kama kujenga chumba cha kusomea kando ya mashine ya kusaga nafaka.

Ndani ya Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani alikuwamo mhandisi Michael Marcus, aliyeshika wazo moja kwa miaka: waruhusiwe watu wa kawaida kutumia vipande hivyo vya taka bila leseni, kwa sharti kwamba watawanye mawimbi yao ili wavumilie kelele na wasiwaudhi wengine. Tarehe 9 Mei 1985 Tume ilikubali, na nguvu ikawekewa kikomo cha wati 1. Hapakuwa na shangwe. Sijui uamuzi mwingine wa ofisi ya serikali katika karne iliyopita ambao umeingia mifukoni mwa watu wengi hivyo huku wakiwa hawajui kuwa ulitolewa.

Mbinu ya kutawanya mawimbi ilikuwa na ukoo wa kijeshi, na hapa ndipo jina la Hedy Lamarr hutajwa, nyota wa sinema aliyezaliwa Vienna. Tarehe 11 Agosti 1942 yeye na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza ya namna ya kuongoza torpedo kwa redio inayorukaruka katika masafa 88, idadi ya vibao vya piano, ili adui asiweze kuiziba. Jeshi la majini halikuitumia wakati wa vita. Mitandaoni utasoma kuwa Lamarr ndiye aliyevumbua Wi-Fi na Bluetooth. Hiyo ni kumtukuza mtu kwa kumvika nguo isiyo yake. Wazo la kurukaruka lilikuwa na waasisi kadhaa, naye alikuwa mmoja wao, mwenye akili kali kuliko watayarishaji wengi wa filamu walivyotaka kuamini.

Wa kwanza kulichangamkia lile eneo la taka kwa bidii walikuwa watu wa mashine za dukani. Kampuni ya NCR ilitengeneza mashine za kuhesabia fedha, na maduka makubwa yalichoshwa na kung'oa nyaya kila yalipobadilisha mpangilio wa rafu. Ofisi yake ya Uholanzi, karibu na Utrecht, ikatengeneza kadi iliyoitwa WaveLAN, megabiti 2 kwa sekunde, iliyoingia sokoni mwaka 1990. Pishi yetu ingepita kwa sekunde 12. Mhandisi wao Victor Hayes alijua kuwa kadi isiyoelewana na kadi za wengine itafia dukani, hivyo akashika uenyekiti wa kamati ya 802.11 ya taasisi ya wahandisi ya IEEE. Kamati ilibishana kwa miaka saba. Kiwango cha kwanza kilipotoka mwaka 1997 kiliruhusu njia tatu tofauti za kufanya jambo lilelile, mojawapo ikiwa infraredi, na zote zikiishia megabiti 2. Hivyo ndivyo hati inavyoonekana kila mjumbe anapotaka kuridhishwa.

Wakati kamati ikibishana, mjini Lund, kusini mwa Uswidi, kampuni ya Ericsson ilikuwa na swali dogo zaidi. Mwaka 1994 ilimpa kazi Jaap Haartsen, Mholanzi mwenye shahada ya uzamivu kutoka Delft: tafuta redio ya bei nafuu, isiyokula umeme, itakayounganisha simu na vifaa vyake vya karibu. Mwaka uliofuata akaungana naye Sven Mattisson, Mswidi. Tazama tofauti ya maswali. Hayes alitaka kuondoa waya wa ofisi, na ofisi ina umeme ukutani. Haartsen alitaka kuondoa waya wa sikioni, na sikioni kuna betri isiyozidi ukucha. Kila kilichofuata, kasi na umbali wa kila moja, kilizaliwa katika maswali hayo mawili.

Haartsen na wenzake waligawa eneo la gigahezi 2.4 katika chaneli 79 za megahezi 1 kila moja, na redio ikafundishwa kuruka kutoka moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde. Ikiangukia kwenye chaneli iliyojaa kelele, haidumu hapo hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Inakwenda zake na kurudia kilichopotea. Nguvu ya kawaida ilikuwa miliwati 1 hadi 2.5, dhidi ya miliwati 100 ambazo sheria za Ulaya ziliruhusu kwa Wi-Fi katika masafa hayohayo. Umbali: mita 10. Kulikuwa pia na daraja la miliwati 100 lililofika mita 100, na wachache walilitumia. Kasi ya data ilikomea kilobiti 721 kwa sekunde kwa upande mmoja. Pishi yetu: sekunde 33. Bwana mmoja na watumwa wasiozidi saba waliruhusiwa kuzungumza kwa pamoja, na hayo ndiyo maneno yaliyokuwa kwenye hati zao, si yangu.

Jina lina kisa chake, na kwa kuwa Jim Kardach wa Intel amekisimulia mwenyewe, nakirudia. Mwaka 1997 yeye na Mattisson walikuwa Toronto, mada yao haikupokelewa vizuri, wakaenda kujiliwaza baa hadi baa katika baridi. Mattisson akamsimulia kuhusu Waviking na mfalme Harald wa Denmark, wa karne ya 10, aliyepewa lakabu ya Jino la Bluu, aliyeunganisha nchi yake na kuitiisha Norwei. Kardach akarudi nyumbani akasoma historia, akaona mfano: mfalme aliyeunganisha makabila, redio itakayounganisha viwanda vya simu na vya kompyuta. Akachora picha ya kuonyesha kwenye mkutano, Harald kwenye jiwe la kale, mkono mmoja kashika simu na mwingine kompyuta mpakato. "Bluetooth" lilikuwa jina la muda tu. Majina ya heshima yaliyopendekezwa yakakwama: moja lilikuwa limeenea mno kulisajili, jingine uchunguzi wake wa kisheria haukukamilika kwa wakati. Tarehe 20 Mei 1998 Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba wakautangaza ushirika wao kwa jina la mfalme mwenye jino bovu. Ile alama tunayoibofya kwenye simu ni herufi mbili za kale za watu wa kaskazini, za mwanzo wa majina yake, zilizopandana.

Kisha ukaja mwezi Julai 1999, New York. Steve Jobs alisimama jukwaani na kompyuta mpya ya iBook, akafungua ukurasa wa intaneti, akaibeba kompyuta akitembea nayo, na watu walipoanza kung'amua akachukua pete kubwa ya plastiki ya kuchezea kiunoni na kuipitisha kuizunguka kompyuta, kama wachawi wa sarakasi wanavyothibitisha kuwa mwanamke anayeelea hana kamba. Ndani ya kompyuta mlikuwa na toleo la 802.11b, megabiti 11 kwa sekunde, kadi ikiuzwa dola 99 na kituo chake dola 299, na Apple wakaahidi futi 150, kama mita 45. Pishi yetu, sekunde mbili na ushei. Kwa kweli ilikuwa nne au tano, maana karibu nusu ya muda wa hewani huliwa na adabu za kupeana zamu. Mwaka huohuo makampuni yaliajiri wabunifu wa majina, na hao wakawauzia neno Wi-Fi. Halina kirefu chochote. Kirefu mnachokisikia kilibandikwa baadaye kama kaulimbiu ya biashara, kisha kikaachwa.

Hiyo namba 11 ilikuwa ya aliyekaa karibu. Ukisogea nyuma ya ukuta, kadi yenyewe ilishusha kasi hadi 5.5, ukisogea tena 2, kisha 1, mpaka ikakata. Ni yule mtu wa ng'ambo ya mto. Kila kasi iliyoandikwa kwenye boksi ni kasi ya mtu anayeketi mapajani mwa mashine.

Ndani ya nyumba adui mwingine ni mwangwi. Wimbi hugonga ukuta, kabati na dari, na nakala zake hufika zikiwa zimechelewa, zikajazana juu ya zile zinazofuata. Kwa kasi ndogo haidhuru. Kwa kasi kubwa maneno hupandana. Huko Australia, timu ya shirika la sayansi la CSIRO ikiongozwa na John O'Sullivan, mtaalamu wa redio za nyota aliyewahi kutafuta miale ya mashimo meusi madogo yanayolipuka na asiyapate, iligawa data katika vijito vingi vya polepole vinavyotiririka kwa pamoja, hivyo kila kijito kikaweza kuuvumilia mwangwi. Hataza ya Marekani waliipata mwaka 1996. Mbinu ya namna hiyo iliifikisha Wi-Fi megabiti 54, na makampuni makubwa yaliyodhani Australia ni mbali yalijikuta mahakamani kisha yakalipa mamia ya mamilioni ya dola.

Wakati Wi-Fi ikipanda hivyo, magazeti ya teknolojia yalikuwa yanaandika tanzia ya Bluetooth. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa wote walikuwa kwenye gigahezi 2.4, wakisukumana na maikrowevu za jikoni. Ilionekana dhahiri: Wi-Fi ina kasi mara 15 na umbali mara nne, Bluetooth ya nini? Waliosema hivyo walikuwa wanasoma safu mbili za jedwali na kuiacha ya tatu, ya umeme. Na zizi likatosha. Mwaka 2003 toleo la 1.2 liliifundisha Bluetooth kusikiliza kwanza, kuzijua chaneli ambazo Wi-Fi imezikalia, na kuziruka. Mwaka uliofuata kasi ikapanda hadi megabiti 2.1 halisi, wimbo kwa sekunde 11 na ushei. Huo ndio wakati uliotufikia sisi kwa wingi. Data ya simu ilikuwa ghali, kompyuta ilikuwa ya kibanda cha intaneti, lakini wimbo mmoja ukishaingia kwenye simu moja mtaani ulihesabiwa umefika mtaa mzima. Hata utaratibu wa kukabidhiana faili, ule wa "pokea au kataa," Bluetooth iliurithi kutoka infraredi karibu ulivyo.

Kisa kinachoniuma ni cha ndugu wa tatu. Tarehe 14 Februari 2002 Tume ileile ya Marekani iliruhusu kitu cha ajabu: redio iliyotandazwa kuanzia gigahezi 3.1 hadi 10.6, juu ya vichwa vya wenye leseni, lakini kwa nguvu ndogo kiasi kwamba haizidi uchafu wa mawimbi unaovuja kutoka kwenye kompyuta yoyote ya kawaida. Mkumbuke Shannon: njia ikiwa pana mno, unaweza kunong'ona na bado ukasema mengi. Iliitwa UWB, na ahadi yake ilikuwa megabiti 480 kwa sekunde ndani ya mita 3, na 110 ukifika mita 10. Wimbo kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Filamu nzima ingehama kutoka kamera hadi televisheni kabla chai haijapoa, bila waya.

Kamati ya IEEE ilikaa kuandika kiwango. Intel na Texas Instruments wakasimama upande mmoja na washirika wengi, wakitaka bendi igawanywe katika vipande. Motorola upande wa pili, ikitaka mapigo mafupi yanayotandaa. Kupitisha pendekezo kulihitaji robo tatu ya kura. Mkutano baada ya mkutano, hakuna aliyezifikisha, wala aliyekubali kuachia. Januari 2006 wakafanya jambo pekee waliloweza kukubaliana: kuivunja kamati. Kila upande ukaenda sokoni na mali yake, vifaa vikatoka vichache na vya bei, na huku wao wakigombana Wi-Fi ikawa inajifunza kutumia antena kadhaa kwa pamoja, hadi mwaka 2009 kiwango chake kipya kikafikia megabiti 600. Mwaka huohuo chama kikuu cha UWB kilikabidhi nyaraka zake kwa wengine na kufunga mlango. Bluetooth ilikuwa imefikiria kuipanda UWB ili ipate kasi. Ikaona afadhali ikodi mgongo wa Wi-Fi, megabiti 24. Teknolojia iliyokuwa bora kwa hesabu ya Shannon ilishindwa na hesabu ya kura.

ZigBee nitaipitia haraka, kwa sababu haikutaka makuu: kilobiti 250 kwa sekunde, taa na vipimajoto vinavyopokezana ujumbe kifaa hadi kifaa kama ndoo za wazima moto, jina likitokana na mchezo wa nyuki wanaoelekezana kwenye maua. Nayo NFC, waliyoikubaliana Sony na Philips mwaka 2002, ilikwenda kinyume na wote. Umbali wake ni sentimita 4 hivi, kasi isiyozidi kilobiti 424, na wimbo ungehitaji karibu dakika nzima ya kubandika simu kwa simu. Hakuna aliyejali, maana ufupi wenyewe ndio uliouzwa. Kadi inayolipa nauli haipaswi kusikika kiti cha pili.

Wala umbali si sifa ya redio pekee. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake huko Venezuela waliunganisha vilele viwili vya milima vilivyo kilomita 382 mbalimbali kwa vifaa vya Wi-Fi vya dukani, antena kubwa za sahani na programu iliyorekebishwa ili mashine zisikate tamaa zikisubiri jibu. Megabiti 3 hivi kila upande. Chipu ileile ambayo kwako haivuki jiko ilivuka bonde zima, kwa kuwa nguvu yake yote ilielekezwa sehemu moja na hapakuwa na ukuta njiani.

Kurushiana kukabadilika tena. Tangu mwaka 2010 simu zilianza kujua kuunganika kwa Wi-Fi moja kwa moja bila ruta, na programu kama Shareit na Xender zikaifanya simu moja iwe kituo na nyingine mgeni. Bando haliguswi, na albamu nzima hupita kwa muda ambao infraredi ingetumia kupeleka ubeti wa kwanza. Bluetooth ikapoteza kazi ya kurusha, na haikuonekana kujali. Mwaka huohuo ilipitisha toleo la 4.0, lenye tawi lililoasisiwa na Nokia kwa jina la Wibree, redio inayolala karibu muda wote na kuamka kwa kufumba na kufumbua, yenye uwezo wa kuishi kwa betri ya mfano wa sarafu. Kisha mwaka 2016, toleo la 5, wahandisi wakaongeza lugha mpya ya umbali mara nne, ambamo kila biti hutamkwa kwa kurudiwarudiwa ili isikike mbali. Kasi yake ni kilobiti 125 kwa sekunde. Nikachukua pishi yangu nikapima: dakika 3 na sekunde 12. Ni karibu muda wa ile infraredi ya mezani, isipokuwa sasa anayepokea anaweza kuwa ng'ambo ya uwanja wa mpira.

Na UWB ikafufuka. Septemba 2019 iPhone 11 ilitoka na chipu yake, haikusemwa lolote kuhusu megabiti 480. Mapigo mafupi mno yana faida ambayo wapiga kura wa kamati hawakuipa uzito: unajua hasa yamefika saa ngapi. Mwanga na redio husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, hivyo anayeweza kuhesabu sehemu za nanosekunde anaweza kupima umbali wa chumbani kwa usahihi wa sentimita kadhaa. Mwaka 2021 Apple ikatoa AirTag, kidude cha kufunga kwenye funguo, ukubwa wa sarafu kubwa, betri ya mwaka mzima na zaidi. Ndani yake wanaishi watatu. Bluetooth hupiga kelele ndogo kwa simu yoyote ipitayo jirani. NFC humngoja msamaria atakayeokota na kugusisha simu yake ili ajue ni za nani. Na UWB, iliyozaliwa ibebe filamu, inaonyesha mshale kwenye kioo na kuhesabu mita mbili, mita moja, nusu, mpaka mkono unapoingia chini ya mto wa kochi na kuzikuta.